Ubatizo Usingoje Ukumbi



Juma lililopita alifika ofisini kwetu mama mmoja akiwa amembeba mwanawe mgongoni. Mtoto mwenyewe alishaanza kutembea. Aliposhushwa chini alikwenda moja kwa moja mezani akaanza kuvuta karatasi za misa. Tulipomwuliza mama jina la ubatizo la mtoto, aliinamisha kichwa. Mtoto hajabatizwa. Wazazi wamefunga ndoa kanisani, jumuiya inawafahamu, na kanisa lipo umbali wa kutembea kwa miguu. "Padre, kamati haijakamilisha michango," alisema. Bei ya ukumbi ilikwisha kuulizwa, kitenge cha sare kilikwisha kuchaguliwa, na msimamizi aliyekusudiwa, ambaye ni mkuu wa kazi wa mumewe, alikuwa bado hajapata nafasi.

Hatuandiki haya ili kumwaibisha mama huyo, maana hayuko peke yake. Wala hatuzichukii sherehe. Mara nyingi tumeketi chini ya maturubai ya Igoma na Kirumba, tukala pilau na sato, na hatujawahi kuona haja ya kuungama jambo hilo. Mtoto ni baraka, na ni haki jirani alete kuku, na bibi avuke ziwa kutoka Ukerewe aje kumpakata mjukuu. Kilichoharibika ni mpangilio. Zamani karamu iliufuata ubatizo. Siku hizi ubatizo unaifuata karamu, na karamu inaifuata mifuko ya wanakamati.

Sheria ya Kanisa inasema waziwazi, katika kanuni ya 867, kwamba wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza ya maisha yake, na wamwendee paroko mapema, hata kabla mtoto hajazaliwa. Majuma, wapendwa, wala si miaka. Kanuni ya 848 nayo inamwonya mhudumu kuangalia sana ili maskini asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Sasa tujiulize: ikiwa Kanisa limejikataza lenyewe kuuweka umaskini uwe kizuizi, kwa nini sisi wenyewe tumejitungia kiingilio kikubwa kuliko sadaka yoyote ambayo parokia ingeweza kuomba?

Na hao wasimamizi! Kanuni za 872 hadi 874 zinatosheka na msimamizi mmoja, mwanamume au mwanamke. Zinataka awe ametimiza miaka kumi na sita kwa kawaida, awe Mkatoliki aliyepokea Kipaimara na Ekaristi, na anayeishi maisha yanayolingana na imani hiyo. Tumezisoma mara nyingi na hatujaona mahali zinapotaja gari. Hata hivyo wapo watoto ambao wasimamizi wao wameonekana siku ya picha tu, na mtoto akiwa darasa la nne hawezi kumtambua baba yake wa ubatizo wakikutana sokoni.

Hapa ndipo tunapofikia jambo linalotusumbua zaidi. Kanuni ya 868 inadai pawe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo huahirishwa. Kanisa halisemi ubatizo uahirishwe kwa sababu keki haijalipiwa. Mbele ya kisima cha ubatizo wazazi wanaahidi kumlea mtoto katika imani, na ahadi hiyo inachukua dakika moja. Kuitimiza kunachukua miaka. Makatekista wetu hupokea katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza watoto wa miaka tisa na kumi wasiojua kufanya ishara ya msalaba, ingawa nyumbani kwao imetundikwa picha kubwa ya siku waliyobatizwa. Katika nyumba moja tuliyokwenda kubariki, mtoto alisali Baba Yetu vizuri sana. Tukawapongeza wazazi. Wakatazamana, kisha wakakiri kwamba aliyemfundisha ni dada wa kazi.

Wengine hutuambia, "Akikua atachagua mwenyewe." Mbona hamkungoja akue achague chanjo, au shule, au Kisukuma anachozungumza na babu yake? Wengine, hasa wanaume wa ziwani, hutuambia kwamba hawapo nyumbani. Hao tunawaelewa zaidi. Lakini mvuvi wa dagaa anajua kuliko sisi kwamba taa zake hazina kazi wakati wa mbalamwezi, na siku hizo wengi hurudi kwa familia zao. Basi siku hizo jioni awaite watoto, asali nao kabla ya chakula, japo kwa maneno yake mwenyewe. Mtoto anayemwona baba yake amepiga magoti hamsahau.

Pwani hii yetu ina kumbukumbu ya jambo hilo. Mwishoni mwa mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika walifika Kageye, kusini mwa ziwa hili, na mwezi Februari 1879 wa kwanza wao wakavuka hadi Buganda. Huko waliwabatiza watu wa kwanza tarehe 27 Machi 1880, mkesha wa Pasaka. Novemba 1882 mapadre walilazimika kuondoka, wakarudi upande wetu, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi. Hawakurejea Buganda hadi Julai 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu waamini wa kule hawakuwa na padre hata mmoja, nao walikuwa wakristo wachanga mno. Walikusanyika nyumbani mwao, wakasali, wakafundishana, na mapadre waliporudi walikuta idadi ya wanaojifunza dini imeongezeka. Mwezi Mei 1886, katika usiku wa hatari, Karoli Lwanga, mlei, aliwabatiza Kizito na wenzake waliokuwa bado wakatekumeni. Siku chache baadaye wakauawa Namugongo. Hapakuwa na tafrija.

Tulimsimulia mama yule habari hizi kwa kifupi, maana mtoto alishafika kwenye kabati la vitabu. Alinyamaza, kisha akauliza kama mjane anayesalisha rozari katika jumuiya yao anaweza kuwa msimamizi. Tukamwambia anaweza. Mumewe alikuja siku iliyofuata, wakaandikishwa kwa semina ya wazazi, na mtoto atabatizwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, katika misa ya kwanza. Baada ya misa kutakuwa na chai na viazi vitamu nyumbani kwao. Tumealikwa, nasi tutakwenda.