Asiye na Upande na Asiyejali

Katika Kiingereza tunachosomea seminarini yapo maneno mawili yanayofanana kama mapacha: "disinterested" na "uninterested". La kwanza ni sifa ya mtu asiye na masilahi yake binafsi katika jambo, hivyo anaweza kuamua kwa haki. La pili ni sifa ya asiyejali jambo lenyewe. Ukiwa na kesi, utamtaka wa kwanza akusikilize. Wa pili atasinzia kabla hujamaliza kujieleza.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Tukisema "hilo halinihusu", hubeba maana zote mbili, na asiyejali hujificha humo.

Mfano tunao hapa nyumbani. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mnunuzi hakuwa wa ukoo huo. Ndugu yake mmoja akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, akidai kwamba mila ya Kihaya inamkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kuwa mila hiyo inambagua mwanamke kinyume cha Katiba. Jaji hakuwa na mgomba hata mmoja katika shamba lile. Angeweza kusema mambo ya Wahaya hayamhusu. Badala yake aliipima mila, akaipima na sheria, kisha akaamua.

Migogoro ya vibanja bado inabishwa hodi kwa paroko, kwa katekista na kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Mjane analia, naye anajibiwa: "Hayo ni ya ukoo, sisi hatuna upande." Kauli hiyo ikitolewa kabla ya kumsikiliza, si haki. Ni kumwachia mwenye nguvu achukue.

Mtu atasema: ukijali sana, utaegemea upande mmoja. Hatari hiyo ipo. Lakini dawa yake ni kusikiliza pande zote mbili, kuusoma wosia, kuwauliza majirani wa mpaka, na kujitoa mapema iwapo mmoja wao ni jamaa yako. Kunyamaza hakuponyi kitu.

Ndugu mseminari, kesho utakuwa paroko wa watu hawa. Usiwe na upande, lakini jali.