Tunamsikiliza mama wa taarifa ya habari, binti yetu tunamziba mdomo

 Ndugu msomaji, leo napenda tuzungumze jambo lililomo majumbani mwetu kila jioni, nasi hatulioni.

Hivi karibuni nilikuwa barazani kwa mzee mmoja huko Tandika, wilayani Temeke, baada ya swala ya Isha. Binti yake amemaliza kidato cha sita na anataka kusomea uandishi wa habari. Mzee hataki. "Nimsomeshe ili akatazamwe na kila mtu?" aliniuliza. Kabla sijamjibu ikatimu saa mbili usiku, na taarifa ya habari ikaanza sebuleni. Mzee akainua mkono, akawaambia wajukuu: "Hebu nyamazeni, tumsikie huyu mama anasemaje."

Nami nikanyamaza. Aliyekuwa akisoma habari ni mwanamke mtu mzima, na neno lake katika nyumba ile lilikuwa limeshapata uzito wa ushahidi. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba mama yule naye alikuwa binti wa mtu, na kwamba siku moja baba yake naye aliulizwa swali hilihili.

Mwishoni mwa mwaka 2022 ulimwengu wa televisheni ulipata misiba miwili katika siku mbili. Tarehe 29 Desemba alifariki mjini Nairobi Catherine Kasavuli, akiwa na umri wa miaka 60. Kesho yake akafariki mjini New York Barbara Walters, akiwa na umri wa miaka 93. Hawakuwa Waislamu, lakini mtu aliyeifanya kazi yake kwa uaminifu haki yake haidhulumiwi, na katika maisha yao mna mazingatio kwa kila nyumba yenye binti.

Kasavuli alianza utangazaji akiwa msichana mdogo, katika Sauti ya Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1990 kilipoanzishwa KTN, kituo cha kwanza cha televisheni cha binafsi nchini Kenya, alikuwa miongoni mwa sura zake za mwanzo, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini humo kusoma habari moja kwa moja hewani. Baadaye alihamia Citizen, kisha akaondoka kwenye kioo kwa miaka mingi. Mwaka 2021 shirika la utangazaji la taifa, KBC, lilipotaka kuwarudisha watazamaji wake, halikutosheka na vijana. Lilimwita Kasavuli, akiwa anakaribia miaka 60, pamoja na marehemu Badi Muhsin, mkongwe wa habari za Kiswahili.

Kwa nini waliitwa? Uzuri wa sura na teknolojia mpya vilikuwapo tele kwa vijana. Kilichokuwa adimu ni kuaminika, na hiyo haipatikani dukani wala haifundishwi kwa muhula mmoja. Ni akiba inayowekwa kidogo kidogo, taarifa kwa taarifa, mwaka hata mwaka. Huo ndio urithi wa kwanza wa mtangazaji wa aina yake.

Barbara Walters yeye alipita njia yenye miiba zaidi. Aliingia katika kipindi cha asubuhi cha NBC mwaka 1961, akapewa mambo yaliyoitwa ya kike. Ilifika wakati mtangazaji mkuu wa kipindi akashurutisha kwamba katika mahojiano mazito Barbara asiulize neno mpaka yeye awe ameshauliza maswali matatu. Mwaka 1976 alipohamia ABC akawa mwanamke wa kwanza kushirikiana na mwanamume kuongoza taarifa ya habari ya jioni ya mtandao mkubwa wa Marekani, kwa mshahara wa dola milioni moja kwa mwaka. Mwenzake wa mezani hakuficha kuchukizwa. Lakini mwaka uliofuata, Rais Anwar Sadat wa Misri alipokwenda Jerusalem, ni Barbara aliyewakalisha pamoja Sadat na Waziri Mkuu Menachem Begin wa Israel katika mahojiano. Aliendelea hadi mwaka 2014, akiwa na miaka 84, na siku ya kuaga wakajipanga jukwaani wanahabari wanawake waliopita katika mlango alioufungua. Akawaonesha kuwa hao ndio urithi wake.

Ndugu msomaji, usiseme hayo ni ya Marekani na Kenya. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na huku Bara tulipoipata ITV mwaka 1994, wanawake wa nchi hii walikuwa wameshajenga jina redioni. Marehemu Halima Mchuka alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kutangaza mpira wa miguu redioni, na wanaume wa Kinondoni na Temeke wakatega masikio. Mwaka 1987 wanahabari wanawake, akiwamo Fatma Alloo wa Zanzibar, waliunda chama chao, TAMWA. Majina haya tunayajua. Tuliyafurahia kwa kuwa yalikuwa mabinti wa watu wengine.

Wala katika historia yetu si jambo geni neno la mwanamke kutegemewa. Bibi Aisha (R.A.) aliishi takriban miaka 47 baada ya kufariki kwa Mtume (S.A.W.), na katika miaka hiyo masahaba na wanafunzi wao walimwendea kumuuliza, naye akiwasahihisha waliokosea. Zimepokewa kwake hadithi zaidi ya 2,000. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa ujana umempita, elimu yake nayo imepitwa. Na Surat al-Hujurat, aya ya sita, inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi. Basi kama kuchunguza habari ni wajibu, umma utawapata wapi wachunguzi ikiwa kila nyumba inamficha wa kwake?

Sisemi kwamba hofu ya mzee wa Tandika haina msingi. Vituo kadhaa vikubwa viko Mikocheni. Binti anayemaliza kazi saa nne usiku na kwao ni Mbagala au Yombo, atafikaje? Yuko pia mkubwa wa kazi anayetaka kulipwa kwa mwili wa msichana ndipo ampe nafasi. Kuna na suala la mavazi. Haya ni maswali ya mzazi mwenye akili. Lakini jawabu lake ni kuyauliza, na si kumfungia binti ndani. Muulize mwajiri juu ya usafiri wa usiku. Usome mkataba pamoja na mwanao. Ajue kwamba rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na ajue zaidi ya hayo kwamba akija nyumbani kusema, atasikilizwa na hatalaumiwa. Ama stara, leo duniani wako watangazaji wanaosoma habari na hijabu zao kichwani, na habari haijapungua ukweli.

Upande wa pili wa jambo hili ni uzee. Mwanamume akiota mvi mbele ya kamera tunasema amekomaa. Mwanamke akipata makunyanzi tunasema apumzike, awapishe wasichana. Ndipo unapopotea uzoefu wa miaka thelathini, na msichana anayeanza hapati wa kumwambia: hapa pana shimo, pita huku. Wenye vituo waliangalie hilo, na sisi watazamaji tuache kumpima mama kwa sura na kumpima baba kwa maneno.

Kasavuli alituachia jambo jingine. Katika miezi yake ya mwisho ilijulikana hadharani kwamba anaugua saratani ya shingo ya kizazi. Mwanamke aliyesoma habari za watu maisha yake yote, sasa habari ilikuwa yake, nayo haikufichwa. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, na wengi hufika Ocean Road ugonjwa ukiwa umeshatambaa, kwa sababu ya kuona haya kutaja mahali panapouma. Ikigundulika mapema hutibika. Chanjo ya HPV imetolewa nchi nzima tangu mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Nyumba inayomzoesha binti kunyamaza humzoesha kunyamaza hata pale kimya kinapoua.

Mzee wangu wa Tandika bado hajakata shauri, na simlaumu. Ninachomwomba, pamoja na kila mzazi anayesoma ukurasa huu, ni kwamba leo usiku saa mbili, akishawanyamazisha wajukuu ili amsikie yule mama, amgeukie na binti yake amuulize: mwanangu, nawe ungependa kutuambia nini? Kisha amsikilize mpaka amalize.

Allah atuongoze katika malezi ya watoto wetu, na atujaalie kuwa wakweli katika habari tunazozitoa na tunazozipokea. Amin.