Anayetoa jezi na atoe sanduku

Jumamosi ile tulikuwa na mechi upande wa Mariakani. Nilifungua gunia la jezi mbele ya wasichana kumi na wanne, na harufu ikatoka kabla ya jezi kutoka. Masika yalikuwa yamefunga uwanja wiki tatu, gunia likakaa jikoni kwangu karibu na mahindi. Mahindi yaliwaita panya, panya wakamwita paka dume wa jirani, na paka akaona gunia lile ni mahali pake. Alilikojolea, tena si siku moja.

Hatukuwa na jezi nyingine, kwa hiyo wasichana walizivaa. Kipa wetu, binti wa kidato cha pili, alitia mikono ndani ya glavu zilizokuwa chini kabisa ya gunia, pale mkojo ulipotuama. Kila kona ilipopigwa, washambuliaji wa timu ya pili walisimama karibu naye wakiziba pua. Tulifungwa mabao manne. Jumatatu hakuja mazoezini, Jumatano hakuja. Nilikwenda kwao, nyanya yake akanitandikia mkeka chini ya mkorosho, na binti akatoka ndani akakaa mbali nami.

“Mama, mimi sirudi,” alisema. “Shuleni sasa naitwa Kikojozi.”

Nimefua jezi za timu yetu, hapa Kaloleni, kwa miaka kumi na moja. Nimeona wachezaji wakiacha mpira kwa goti lililovunjika, kwa karo, kwa mimba, kwa kuitwa kazini Mombasa. Sikuwahi kuona mtoto akiacha kwa sababu ya gunia. Tangu siku ile nimeamini kwamba yeyote anayetuletea jezi bila mahali pa kuzihifadhi ametupa nusu ya zawadi tu, na nusu iliyobaki inalipwa na watoto wetu kwa aibu.

Nieleze kwanza jinsi tulivyoziokoa, maana najua kuna gunia kama lile Kayafungo, Mwanamwinga, Rabai, Ganze na kwingineko.

Nilianza kwa makosa. Nilichemsha maji nikazitia jezi humo, na harufu ikazidi kujaa nyumbani. Nikaongeza dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile yenye klorini, na nilipoinama juu ya beseni macho yakaniwaka, kifua kikabana. Mwalimu wa kemia anayeishi jirani ndiye aliyenivuta nje. Aliniambia kwamba mkojo uliokaa una amonia, na amonia ikikutana na klorini hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Mama, dada, mtunza jezi mwenzangu: usichanganye vitu hivyo viwili kamwe, hata dirisha liwe wazi.

Kisha nikafanya tunavyofanya Wapwani wote. Niliwasha makaa kwenye chetezo, nikazifukiza jezi kwa udi usiku kucha. Asubuhi zilinukia kama nguo za arusi. Mchana tulipoanza mazoezi na jasho likatoka, udi ulikimbia na paka akarudi.

Mwalimu yule alinieleza sababu, na ningependa kila mzazi aielewe. Mkojo wa paka una mambo matatu. La kwanza ni urea, ambayo bakteria huila na kuigeuza amonia. Ndiyo maana harufu ya siku ya tano ni kali kuliko ya siku ya kwanza. La pili ni vitu vyenye salfa, navyo ni vingi zaidi kwa dume asiyehasiwa. La tatu ni asidi ya uriki, ambayo ikikauka huwa chembe ngumu zinazoshika uzi na zisizoyeyuka vizuri katika maji matupu. Ukisuuza, ya kwanza huondoka na ya tatu hubaki imelala. Upepo wa kusi ukileta unyevu, au mwili ukitoa jasho, chembe zile huamka. Kwa hiyo nguo kavu inayonukia vizuri kwenye kamba bado inaweza kuwa inakuficha jambo.

Dawa ya amonia niliipata kwa bavyaa wangu, ambaye ni mgema. Methali yetu inaonya kuhusu mgema anayesifiwa, lakini huyu nitamsifu mbele ya watu. Alinisikiliza, akanyamaza, kisha akaniletea kibuyu cha tembo lililokosa mnunuzi tangu mwezi uliopita.

“Hili halinyweki tena, mwanangu,” alisema. “Limekuwa siki. Mamako alikuwa akiondolea harufu ya samaki kwa hili.”

Sote hapa tunajua kwamba tembo likitoka mnazini asubuhi ni tamu, jioni ni kali, na likiachwa wiki kadhaa huchacha likawa siki. Siki ni asidi, na asidi huizima amonia. Nilizisuuza jezi kwa maji baridi, nimezigeuza ndani nje, nikazirudia hadi maji yakatoka meupe. Nikachanganya kikombe kimoja cha siki na vikombe vitatu vya maji, nikaziloweka kwa saa moja, kisha nikazisuuza tena.

Kwa zile chembe sugu nilitumia magadi, haya haya tunayotia kwenye maharagwe, yanayochimbwa Ziwa Magadi huko Kajiado. Magadi ni kinyume cha siki, na asidi ya uriki huyeyuka vyema zaidi katika maji ya magadi. Jambo moja la kukumbuka: usiyatie pamoja na siki ndani ya beseni moja. Yatatoa povu la kupendeza na kuuana nguvu, ukabaki na maji ya chumvi. Siki kwanza, suuza, magadi baadaye, suuza, halafu sabuni ya kawaida na jua. Nilirudia mara mbili.

Glavu, njumu na shingadi zinataka upole. Kiganja cha glavu ya kipa ni mpira laini wenye vishimo kama sponji. Maji moto na magadi huuharibu, na jua kali huupasua. Kwa hivyo nilitumia siki iliyozimuliwa, kisha soda ya kuokea mikate iliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, nikizikamua kwa kuzibonyeza bila kuzisokota. Nilizianika kivulini penye upepo. Njumu nilizitoa soli za ndani, nikazijaza magazeti makavu na kuyabadilisha kila asubuhi. Mwenye uwezo wa kufika mjini anaweza kuulizia kwa daktari wa mifugo dawa zenye vimeng'enya, ambavyo huikata asidi ya uriki vipande vipande. Hizo huachwa kitambaani kikiwa kimelowa kwa saa nyingi, na maji moto au klorini huziua kabla hazijafanya kazi.

Nilijuaje kwamba zimetakata? Winga wetu ni binti wa mwalimu wa madrasa. Alinikumbusha kipimo alichofundishwa tangu utotoni: najisi huoshwa hadi ladha, rangi na harufu yake viondoke. Nimekifanya kipimo changu, nikaongeza kimoja: nalowesha pindo la jezi kavu kwa maji, nasubiri kidogo, halafu nanusa. Pindo lililolowa ndilo husema kweli.

Sasa hesabuni wenyewe. Kuzisafisha jezi kumi na sita na vifaa vyake kulikula mitungi ishirini na miwili ya maji ya lita 20. Yaani lita 440, hapa Kaloleni, ambako mama hupanga foleni na mtungi na mfereji unaweza kukauka siku nyingi mfululizo. Maji yale yalikuwa ya kupikia, ya kuogeshea watoto, ya kunyweshea mbuzi. Wanaosema kwamba kufua jezi ni kazi ndogo ya akina mama hawajawahi kubeba hata mmoja wa mitungi ile.

Wako walioniambia nitupe zote, tuombe mpya. Jezi mpya zingeingia gunia lile lile, jikoni pale pale. Wako walioniambia nimtegee paka sumu. Sikukubali na sitakubali. Paka yule alifuata panya, na panya ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu mkojo wao waweza kubeba leptospirosisi, ugonjwa unaoingia mwilini kupitia mchubuko wa ngozi. Na ni mchezaji gani wa mpira asiye na mchubuko? Paka dume akihasiwa na daktari wa mifugo, kati ya kumi karibu tisa huacha tabia ya kurusha mkojo kuweka mipaka. Nilizungumza na jirani, akakubali, na tukachangiana gharama. Paka yuko hai na panya wamepungua.

Ninachodai ni hiki. Kila msimu wa mashindano, na zaidi uchaguzi unapokaribia, jezi hutujia kwa wingi, picha ya mgeni rasmi mbele na jina lake mgongoni. Tunashukuru. Lakini sijaona mgeni rasmi hata mmoja akishuka garini na sanduku lenye kifuniko. Tunapewa nguo za watu ishirini na kuachiwa tuzitie kwenye gunia la sukari. Katiba ya 2010 imeipa kaunti jukumu la michezo na viwanja. Sheria ya 2015 ya mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, NG-CDF, iliruhusu eneo bunge kutenga hadi asilimia 2 ya fedha zake kwa michezo. Ndani ya bajeti hizo, pamoja na mipira na vikombe, andikeni masanduku, sabuni na maji. Kamati za mashindano nazo ziweke sharti: atakayetoa jezi atoe sanduku, na asiye nalo angoje hadi alipate.

Nasema haya kwa uchungu wa wasichana hasa. Mvulana akinuka uwanjani huchekwa siku moja, yakaisha. Msichana hupewa jina, na jina humfuata darasani na kisimani. Shirika la Moving the Goalposts lilianza kazi hapa Kilifi mwanzoni mwa miaka ya 2000, likitumia mpira kuwapa wasichana sauti na nafasi, na wazazi wengi waliokuwa wakisema mpira si wa binti wamebadilika polepole mbele ya macho yangu. Nyanya wa kipa wetu ni mmoja wao. Siku ile chini ya mkorosho aliniambia, “Nilimruhusu kwa sababu yako.” Niliondoka pale nikiwa na deni.

Ninyi majirani nawaomba jambo lililo ndani ya uwezo wetu, tusingoje serikali. Karibu kila boma lina sanduku la bati la mtoto aliyemaliza shule ya bweni, jina lake bado limeandikwa kwa rangi nyeupe, sasa limekaa chini ya kitanda na daftari kuukuu. Lile ndilo sanduku la jezi. Panya hawezi kulitafuna, paka hawezi kulilowesha, na kufuli lake lipo. Letu lilitoka kwa mama ambaye mwanawe alimaliza kidato cha nne. Tuliliinua juu ya matofali mawili, tukaweka sheria kwamba nguo yenye unyevu haiingii, na mvua zikija hufunguliwa kila Jumapili lipate hewa.

Kipa wetu alirudi wiki ya sita. Sikumshawishi kwa maneno. Nilimpelekea glavu zikiwa zimelowa maji, nikamwambia anuse. Alinusa kwa muda mrefu, kisha akauliza mazoezi ni saa ngapi. Ufunguo wa sanduku anao yeye. Hata sasa, kila Jumamosi, huzileta glavu puani kabla ya kuzivaa. Mimi humwangalia nikiwa pembeni ya uwanja na beseni langu, nikiomba ifike siku atakayozivaa bila kukumbuka.