Theluji Haianguki Msimbati

Kadi za picha zitumikazo katika tiba ya usemi na lugha mara nyingi huchorwa katika nchi za baridi: mtu wa theluji, glavu za sufu, watoto wakiteleza juu ya barafu. Mtoto wa Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma, akionyeshwa kadi hizo hunyamaza. Ukimya huo ukiandikwa kwenye faili kuwa ni upungufu wa msamiati, kosa ni la kadi; naye mtoto huenda akabebeshwa ugonjwa asio nao.

Pwani ya Mtwara ina majira yake. Kuna kipupwe cha Juni na Julai, kusi ikivuma na wavuvi wakijifunika. Kisha huja korosho. Mtoto na asimulie: bibo limeanguka, limeokotwa, korosho imenyofolewa, imeanikwa juani. Humo mna vitenzi na mfuatano wa matukio wa kutosha wiki nzima (neno “mtumbwi” peke yake ni zoezi la midomo), na mzazi hanunui chochote.

Ikiwa nyumbani husemwa Kimakonde, tathmini ianze kwa Kimakonde. Mtoto anayesimulia vema kwa lugha hiyo hana tatizo la lugha. Bado anajifunza Kiswahili tu.