Pesa ya Safari Si Yako Mpaka Mgeni Arudi Nyumbani

Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Kufikia tarehe 25, ndege za abiria kutoka nje zilikuwa zimesimamishwa. Aprili ikaja, watu wakazuiwa kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa. Mwaka 2019 tulipokea wageni zaidi ya milioni 2 kutoka nje. 2020 hawakufika hata 600,000.

Hasara hiyo haikuishia kwa mwenye kampuni. Dereva alikaa bila safari, mpishi wa kambi akarudi kijijini, na mama anayeuza shanga kwenye geti la mbuga akakosa mnunuzi. Hata wenye mashamba kando ya Maasai Mara, wanaolipwa kodi ya ardhi kutokana na utalii, wengi walipunguziwa malipo.

Halafu kukawa na ugomvi ambao hatuuzungumzii vya kutosha: mteja aliyelipia safari ya Pasaka alitaka pesa yake, na pesa haikuwepo. Ilikuwa imeshalipa mafuta, mshahara, pengine hata karo. Hakuna aliyeleta korona makusudi. Lakini kutumia pesa ya mgeni kabla hajapanda gari ni uamuzi wa mwenye biashara, na uamuzi huo unaweza kubadilika.

Maoni yetu ni haya: pesa ya kushika nafasi ni deni, hadi safari iishe.

Utasema, "Loji inataka ilipwe mapema, nitafanyaje?" Ni kweli. Basi ilipe loji kile inachodai, na uulize kwa maandishi kama tarehe zinaweza kusogezwa. Kinachobaki kiweke mbali na pesa ya matumizi. Pokea malipo ya wateja kwa nambari ya biashara, siyo laini yako ya kila siku. Ukichanganya pesa ya mgeni na ya sukari na unga, zote zitaisha na hutajua ipi ilikuwa ya nani.

Wewe mteja nawe, lipa kwa nambari ya biashara, hakikisha jina linalotokea ni la kampuni, na usifute ujumbe wa malipo. Kabla ya kutuma hata shilingi moja uliza, "Safari ikiahirishwa, pesa yangu itakuwaje?" Akikwepa swali, tafuta mwingine.

Tusisahau pia ni nani alibaki. Julai 2020, KWS ilipunguza ada za kuingia mbuga zake kwa nusu kwa muda wa mwaka mmoja, na kufuli ya Nairobi ikaondolewa mwezi huo huo. Wageni wa nje walikuwa bado hawaruhusiwi kutua. Ndege zao zilirejea Agosti 1. Wa kwanza kupata nafasi ya kurudi mbugani walikuwa Wakenya. Mteja huyu hulipa kidogo kidogo kwa simu, elfu leo, elfu mbili mwisho wa mwezi, na anayemwamini humletea chama kizima.

Kwa hivyo kabla msimu wa nyumbu wa Julai haujafika, tenganisha pesa hizo. Ikitokea mipaka imefungwa tena, utakuwa na cha kumrudishia mtu, na yeye atakuwa na sababu ya kukupigia tena.