Sumu ya Newala, Dawa ya Nani?

NDUGU msomaji, wewe Mmachinga unayetembeza mitumba Kariakoo, mama yako yuko wapi saa hizi? Kama ni msimu wa korosho, yuko Newala au Masasi, ameinama chini ya mkorosho, mkono unapekua majani makavu. Kifutu naye kajilaza humo humo.

Tuache hadithi za vijiweni. Nyoka haui kwa uchawi, na kila sumu ina njia yake ya kuufikia moyo. Sumu ya swila, wataalamu wameiona maabara, hutoboa utando wa chembe za msuli wa moyo. Kalisi inaingia ovyo, moyo unajikaza, kulegea hauwezi. (Shuleni tulichora moyo wenye vyumba vinne, hili hatukuambiwa.) Kifutu huvujisha damu na maji ndani ya mguu uliovimba, presha inaanguka, moyo unakosa cha kusukuma. Koboko hukaba pumzi kwanza; moyo unasimama kwa kukosa hewa.

Wembe hauitoi sumu hiyo, na kamba iliyokazwa huozesha mguu. Mgonjwa atulizwe, abebwe, awahishwe Mkomaindo au hospitali iliyo jirani, atundikiwe dripu ya dawa ya kuua sumu.

Sasa sikia kioja. Miaka ya 1950 na 1960 bwana nyama mmoja, C.J.P. Ionides, alikuwa akikamata nyoka Newala, wakiwamo koboko wa kijani wa juu ya miti, na kuwasafirisha ng'ambo. Mwaka 1992 wanasayansi wakatangaza kuwa sumu ya koboko wa aina hiyo hiyo ina kitu kinacholegeza mishipa ya damu. Wataalamu wa Mayo Clinic, Marekani, wakakiunganisha na kingine cha mwili wa binadamu, wakapata cenderitide, wakaijaribu kwa wagonjwa ambao moyo umechoka. Hatuwalaumu, elimu ni elimu.

Lakini mkulima aliyeumwa na koboko huyo je? Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa ya nyoka wa Afrika, kwa sababu za kibiashara. Chupa za mwisho zikaisha muda wake mwaka 2016. Mlalahoi si soko! Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaliingiza suala la kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na baadaye likaahidi kupunguza vifo kwa nusu ifikapo 2030.

Ahadi za Geneva hazitundikwi kwenye dripu. Korosho ikiuzwa wakubwa hawasahau ushuru wao. Basi kijana, ukirudi nyumbani msimu huu, mkamate diwani wako umuulize kabla mavuno hayajaanza: kwenye friji ya hospitali yetu kuna chupa ngapi za dawa ya nyoka, muda wake unaisha lini, na chupa moja mgonjwa anauziwa shilingi ngapi?