Zau anaongea Kiswahili, wewe unamzima?

Wasee wa gemu hapa Makutano, Meru, na nyinyi wa Embu, leo mtanichukia. Kila siku mnalia ati hakuna gemu ya kwetu. Haya, 2024 Abubakar Salim, Muingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau. Aliitunga akiwa na majonzi ya kumpoteza babake. Zau, mganga kijana, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie babake. Na ukitaka, wanaongea Kiswahili!

Juzi nikamwekea beshte. Dakika mbili, amerudisha Kiingereza: "Hii inakaa taarifa ya habari." Maze, anime ya Kijapani unatazama usiku kucha na huelewi neno!

Sema mapigano yanajirudia, nitakubali. Hiyo ya lugha, kaa nayo.